Bai-bai ya Barazani

— Shuka basi, Anastasie! Kamio itaniacha!

Placide alisimama chini ya baraza ya misioni, lori likipiga honi kwa mbali, sanduku la mbao begani, shati jeupe limeshalowa jasho. Juu barazani Anastasie alikuwa amempakata Beti, mtoto wa wamisionari Waingereza, ambaye kumlea ndiyo ilikuwa kazi yake.

— Siwezi. Beti iko na homa, na mama yake iko ku kanisa.

— Mupaka pale njia inaanza kupanda mulima tu! Mama na bandugu bote banangoja. Nani atanibebea mukeka?

Anastasie akamtazama mtoto, akaitazama njia. Kisha akafanya kile alichokifanya kila asubuhi baba Beti alipotoka: akakishika kile kimkono cha mtoto, akakipunga, akainua na wa kwake.

— Bai-bai, Placide! Sema, Beti: ta-ta! Ta-ta!

Akacheka. Aliona amepata mchezo mzuri.

Placide hakucheka. Alihamisha sanduku bega la pili, akageuka, akaenda zake Kilembwe kuchimba dhahabu ya watu.

Sasa wewe msomaji usiyetoka Baraka utauliza, kosa liko wapi? Kosa liko miguuni. Kwa wale watu, mwanamume anayekwenda mbali haagwi kwa mdomo. Mchumba wake humbebea mkeka wa kulalia kichwani mpaka njia inapoanza kupanda kuelekea Fizi, akamkabidhi hapo mbele ya ndugu, akarudi. Anayebaki kwake amesimama amekwisha sema: nenda, hatujuani. Na kupunga mkono? Mkono hupungiwa kuku wanaokula mihogo iliyoanikwa. Anastasie aliyajua haya yote tangu utoto. Ila alikuwa amekaa na wazungu siku nyingi, mkono ukazoea kupunga kuliko miguu kusindikiza.

Kesho yake Mama Constance, mama yake Placide, alipanda mpaka jikoni kwa misioni.

— We mutoto! Ulimufukuza mwana wangu kama kuku?

— Apana, mama. Ile ni maneno ya kuagana. Bazungu banaisemaka na upendo.

— Na upendo! Mbele ya bandugu nilibeba ule mukeka mimi mwenyewe, na mugongo hii! Banawake ba kwetu Lweba bote banaicheka. Banaimba bai-bai bakienda kuteka maji!

— Mama, unisamehe.

— Omba kule kwa Beti.

Jioni Anastasie alimuuliza Mama Beti, aliyekuwa akimbembeleza mtoto. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama fito.

— Madame, haya maneno yalitoka wapi?

— Bai-bai? Kwetu ni maneno ya watoto wachanga. Nyanya yangu aliniambia kwamba zamani halikuwa neno la kuagana. Mama alimpigapiga mtoto kifuani hivi, akaimba bai-bai mpaka alale. Baadaye ndipo watu wakalitumia wakiondoka.

— Na ta-ta?

— Hilo pia ni la watoto. Tunasema ta-ta tunapomtoa mtoto nje kutembea. Hata watu wazima wanalisema, kwa mzaha. Nafikiri tunawafundisha mapema ili wasiogope mtu akitoka mlangoni.

— Na kama hatarudi?

Mama Beti akaendelea kumpigapiga mtoto.

Anastasie akaanza kusuka mkeka. Akautia ukingo mwekundu na, pembeni, alama ya samaki ambayo Placide alikuwa akiichora kwenye kila kitu, hata kwenye mlango wa kanisa, akachapwa. Ulipokwisha, akaupeleka kwa Mama Constance.

— Umupatie derva wa kamio amupelekee. Umwambie nilikosa. Umwambie akirudi, nitamungoja pale njia inaanza kupanda.

Mama Constance akaupokea. Kamio ikaenda, ikarudi.

— Alisema nini, mama?

— Alikataa. Alisema ulalie mwenyewe na bazungu bako.

Mvua zikaanza, zikakatika. Anastasie akakonda mpaka Beti akibebwa mgongoni akawa analia, mifupa ikimchoma.

Halafu kamio ikaja na Placide. Alikuwa amelazwa nyuma, juu ya magunia ya muhogo. Udongo wa shimo ulikuwa umemwangukia kifuani. Alipumua kama mtu anayevuta kamba nzito.

Anastasie alifika mbio uani kwa Mama Constance, aproni ya misioni ingali kiunoni. Wanaume walikuwa wanafunga miti ya kipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, wampeleke kwenye meli iendayo hospitali mjini Albertville.

— Mama Constance, leta kitu ya kumutandikia! akaita mmoja wao. Upesi!

Mama Constance, kichwa kimemruka, akaingia ndani, akauvuta mkeka uliokuwa chini ya kitanda chake, akautandaza. Ukingo mwekundu. Samaki pembeni.

Placide akageuza kichwa.

— Ile mukeka, akasema Placide kwa sauti nyembamba. Nani alisuka samaki yangu?

— Mimi, akasema Anastasie. Nilikutumia. Banasema ulikataa.

— Nikatae nini? Mi sikuona kitu. Kila kamio nilikuwa nauliza: Anastasie amenitumia neno? Derva anasema hakuna.

Wote wakamgeukia Mama Constance. Akakaa chini palepale vumbini.

— Nilikuwa na hasira, mwana wangu. Banawake balinicheka. Nilisema acha ajifunze kidogo, kisha nitamupatia. Sikujua mulima utaanguka.

— Simama, mama, akasema Placide. Meli haingojaka hasira.

Njia ya bandarini inapita chini ya misioni. Mama Beti alikuwa barazani, Beti mkononi.

— Anastasie! Muage hapa, urudi kazini. Ukiondoka leo nitatafuta mtu mwingine.

— Tafuta, Madame.

Akaivua aproni, akaitundika kwenye ua. Beti akanyoosha kimkono, akakipunga.

— Bai-bai! Bai-bai!

Anastasie hakuinua mkono. Alikuwa ameshika mti wa kipoyi.

Ufukweni walimteremsha. Meli ilikuwa bado mbali, moshi tu.

— Umefika mbali, akasema Placide. Sasa rudi.

— Sirudi. Tunaingia wote.

— Miguu yako imevimba, we. Hata mukeka umenibebea na mimi ndani yake.

Akajaribu kucheka, kifua kikamkatalia. Midomo ikawa ya buluu.

— Ile neno ya bazungu. Semaka tena.

— Apana! Ile neno siitaki tena.

— Sema. Kasirani imekwisha. Ile siku mutoto alipunga vizuri, ni mimi tu nilikuwa mujinga.

Anastasie akaweka kiganja juu ya kifua kilichovunjika, kwa wepesi, akaanza kupigapiga polepole kama alivyomlaza Beti kila mchana.

— Bai-bai, Placide. Bai-bai. Bai-bai.

Macho ya Placide yakafumbika. Meli ilipopiga honi, wabebaji wakainama kushika miti. Mama Constance akagusa mguu wa mwanawe, akauacha mkono pale.

— Muache, akasema. Meli iende.

Walimzika jua likishuka, ndani ya mkeka wa samaki. Kabla ya kutoka nyumbani, ndugu walikuwa wamepanga mstari, na Anastasie, asiye na mahari wala pete, alikuwa amejiweka mwisho kabisa, nyuma ya majirani. Mama Constance akarudi nyuma mpaka alipo, akamshika mkono mbele ya watu wote.

— Bibi ya mutoto wangu, usikae huku. Tangulia.

Akatangulia. Njia nzima hakuna aliyepunga mkono.