Nyaya Mbili za Nyumba ya Sofia

Mimi ni Yokosafati Obbo, mwana wa Erisa Oboth, mjukuu wa Ofwono wa Petta, upande wa Uganda. Babu yangu Ofwono ndiye aliyeitwa kila majirani walipogombania mpaka wa shamba, na alipoweka jiwe, hakuna aliyelisogeza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta na uongo. Baba yangu alikuwa katekista, na mlango wake haukufungwa kwa mgeni. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya ubao hadi mvi zikanikuta na chaki mkononi. Nayataja haya ili msomaji ajue neno langu limekita wapi.

Habari hii ni ya mjukuu wangu Winfred Apendi, na ya kijana aliyempenda, Lenox Egesa, mzaliwa wa Busia ya Kenya. Sehemu niliiona. Sehemu nilisimuliwa na Winfred, ameketi mbele yangu na macho makavu, maana alikuwa amekwisha kulia.

Walikutana Sofia, mtaa wa Busia ya Uganda uliouegemea mpaka hata mtaro mmoja wa maji machafu ndio unaozitenga nchi mbili. Ilikuwa siku ya soko. Dukani kwa Twahira, muuza laini za simu, watu walikuwa wamebanana kati ya magunia ya dagaa na mikokoteni ya saruji. Winfred alivaa gauni la kitenge la manjano alilolishona mwenyewe, lenye marinda mabegani, na shingoni alikuwa amesahau kuvua utepe wa kupimia. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Sofia lilikuwa limemsamehe. Alikuwa akilalamika kwamba akiwa kwao Kenya, ng'ambo ya mtaro, simu yake imejihamishia mtandao wa Uganda na kumlia salio lote.

Twahira alimjibu kwamba simu haina pasipoti. Watu wakacheka. Kijana akageuka, akamwona Winfred naye anacheka.

"Na wewe dada, simu yako iko Uganda ama Kenya?"

"Simu iko Uganda," Winfred akasema. "Mwenye simu bado hajaamua."

"Basi akiamua, aniambie nimpigie kwa laini gani."

"Nunua zote mbili, halafu tutaona kama una haraka ya kweli."

Lenox alinunua laini ya Uganda papo hapo, na jioni hiyo hiyo akaipigia namba aliyopewa. Tangu siku hiyo Winfred alimwita Laini Mbili, naye akamwita Nyar Petta, yaani binti wa Petta, kama tuitavyo sisi Wapadhola.

Walipendana kwa bidii ya watu wanaofanya kazi. Winfred alishona sare za shule kwa cherehani za umeme. Umeme ukikatika, watoto wa shule nzima walisubiri kaptula. Lenox alikuwa karani kwa wakala wa forodha, akiingiza habari za malori katika kompyuta. Intaneti ikikatika, foleni ya malori ilimtukana yeye. Simu zao zilikuwa fupi na tamu. Lenox alimpigia kumwuliza kama amekula. Alimpigia kumwambia mvua inakuja kutoka Tororo, aanue nguo. Alimpigia bila neno lolote, akasema alitaka tu kusikia cherehani ikinguruma nyuma yake.

Alipokuja Petta kujitambulisha, alivaa koti na kuvua kofia mlangoni, jambo ambalo vijana wa leo hulisahau. Nilimwuliza wataishi wapi. Akasema wamepata nyumba Sofia, upande wa Uganda, ng'ambo tu ya mtaro kutoka kwa mama yake. Nikamwuliza taa ya nyumba hiyo itatoka wapi. Katika ukoo wetu, moto wa kwanza wa nyumba mpya hauazimwi kwa jirani. Mwenye nyumba huuwasha mwenyewe, hata kama utamchukua siku nzima. Lenox akaahidi, mbele ya wazee, kwamba mjukuu wangu ataingia katika nyumba yenye mita yake. Tukapanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mpangaji aliyetangulia alikuwa ameondolewa mita, na ukutani palibaki kisanduku kitupu chenye ncha za nyaya za ndani. Ombi la mita mpya lilikwenda, likakaa. Siku zilipita. Lenox, ambaye kazi haikumpa nafasi ya kungoja, akaona njia rahisi. Kwa mama yake, Mama Felistus, kulikuwa na umeme wa Kenya na intaneti ya waya, ya kasi, isiyolegea. Waya mmoja juu ya mtaro ungeleta umeme, wa pili ungeleta intaneti. Nusu ya Sofia iliishi hivyo.

Alimweleza Winfred siku walipokuwa wakipaka rangi chumba cha mbele. Winfred alishusha brashi.

"Kwa hiyo umeme ni wa mama yako, na intaneti ni ya mama yako."

"Ni kwa muda tu, kipenzi."

"Mama akikasirika siku moja akachomoa, mimi nikae gizani? Niambie, Lenox. Hii nyumba itanyonya kwa mama yako mpaka lini?"

Lilikuwa neno la ukali kuliko alivyokusudia. Alisema mwenyewe kwamba lilipomtoka, alitamani kulirudisha kama uzi unaofumuliwa kwenye mshono. Lenox alikuwa mwana wa pekee wa mjane. Hakupaza sauti.

"Mama yangu aliuza mboga kando ya barabara nikasoma. Sikujua kwako hiyo ni aibu."

Akaosha mikono, akavaa shati, akavuka mtaro. Kwa hasira akaizima laini yake ya Uganda. Winfred alipompigia, akaambiwa na sauti ya kigeni kwamba namba haipatikani. Akaamini kwamba ameachwa. Namba ya Kenya alikuwa nayo, lakini kiburi, ambacho nasikitika kusema alikirithi upande wetu, kilimzuia. Lenox naye alikaa akiitazama simu yenye laini ya Kenya, akiamini kwamba mwanamke anayemtaka atajua pa kumtafuta. Hivyo watu wawili waliotenganishwa na mtaro ambao mtoto angeuruka, waliacha kusemezana.

Upendo haukufa, nao ndio uliowaponza.

Winfred alikuwa wa kwanza kulegea. Alifunga leso, akachukua sukari na sabuni, akavuka kwenda kwa Mama Felistus kuomba radhi. Mama yule hakumficha kwamba maneno yale yalimfikia na kumchoma. Kisha akampikia chai. Winfred akasema anataka kumwonyesha Lenox kwamba hamdharau mama yake: auvute ule waya yeye mwenyewe, Lenox aukute umekwisha kufungwa. Mama Felistus akafurahi kama msichana. Wakamwita fundi wa mtaa, akaupitisha waya juu ya mtaro na kuuingiza kwa dirisha la nyuma, akauunga na nyaya za nyumba nzima, hadi zile ncha za kisandukuni. Taa zikawaka. Wanawake wawili wakapeana mikono, wakakubaliana kwamba Lenox asiambiwe.

Katika siku zile zile, Lenox alipanda hadi Petta. Aliketi barazani kwangu, kofia magotini, akaniuliza mtu afanye nini anapojua kwamba mwenzake alikuwa na haki, ila alisema vibaya. Nilimwambia mume hamlipi mke wake kwa maneno. Ampe nyumba inayosimama kwa miguu yake mwenyewe. Akasema amekwisha kuifuatilia mita hadi mwisho, na mafundi wa kampuni watakuja kuifunga wiki hiyo. Alitaka Winfred aingie akute taa za Uganda zinawaka. Aliniomba nisimwambie. Sikumwambia.

Mita ikafungwa asubuhi ya Jumamosi. Winfred alikuwa ameamkia kwa mteja. Mafundi wa kampuni waliiacha swichi kuu ikiwa imezimwa, wakamwonya Lenox kwamba kuunga nyaya za ndani ni kazi ya fundi mwenye cheti, atakayekuja Jumatatu. Walipoondoka, aliiwasha tena laini ya Uganda na kupiga simu. Winfred alikuwa sokoni, mbele ya meza ya samaki wa Majanji, kule ziwani.

"Nyar Petta."

Winfred aliegemea meza. Muuza samaki alimwuliza kama anaumwa.

"Laini Mbili," akasema. "Nilidhani umeitupa hii namba mtaroni."

"Niliizima. Nilikuwa mjinga."

"Na mimi nilimtukana mama. Nilikwenda kumwomba msamaha, hakukuambia?"

"Hakuniambia. Ndiyo maana anacheka-cheka siku hizi; nikafikiri amepata mchumba." Wote wawili wakacheka, na kicheko kikawashinda. Kisha Lenox akasema, "Wini, ng'ombe wangu bado wanajua njia ya Petta?"

"Babu amekwisha kuwakatia nyasi. Ninanunua samaki. Nitapika kule nyumbani kwetu."

"Kule kule ndiko niliko. Nina kitu cha kukuonyesha."

"Hata mimi nina kitu cha kukuonyesha."

"Kitu gani?"

"Siku ya kuonyesha ni leo. Wewe ngoja tu."

"Haya, mpenzi. Na wewe ngoja changu."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Nimeyaandika kama nilivyoambiwa, wala sikuongeza pambo.

Umeme wa Kenya ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Lenox alipobonyeza swichi chumbani, taa haikuwaka; akaona ni sawa, nyumba haijapata kuunganishwa popote. Cherehani ambazo Winfred alikuwa amekwisha kuzihamishia humo zilikuwa zimefunikwa shuka, na waya wa dirisha la nyuma ulikuwa nyuma ya pazia jipya. Akatoka nje. Alitazama swichi kuu ya mita: imezimwa. Kwa akili ya mtu yeyote wa nchi yenye umeme mmoja, ukuta ule ulikuwa salama. Hakutaka kungoja Jumatatu na mchumba wake yuko njiani na samaki. Akafungua kisanduku, akashika ncha za nyaya za ndani, akaanza kuzimenya kwa koleo.

Ng'ambo ya mtaro umeme ukarudi. Watoto wa Kenya wakashangilia, kama watoto wafanyavyo kila taa zinaporudi, na redio zote zikaanza kuimba kwa pamoja. Mama Felistus, akiwa uani, alisikia shangwe na kumshukuru Mungu kwamba friji itafanya kazi.

Winfred alifika na samaki ndani ya jani la mgomba. Aliwakuta majirani wamejaa ukutani, na mtu mmoja mwenye mti mkavu akiusukuma mkono wa Lenox utoke kwenye nyaya. Shati jeupe lilikuwa na alama moja ndogo ya kuungua. Walimbeba kwa pikipiki, Winfred akimshikilia kwa nyuma, lakini daktari hakuwa na kazi ya kufanya.

Nilivuka mpaka kwenda kumzika. Matangani nilisikia minong'ono ya jamaa zake, kwamba msichana wa Uganda amemuua kijana wao kwa waya, na kwamba asiketi karibu na jeneza kwa kuwa ng'ombe hawajavuka. Mjomba mmoja alisimama amwondoe. Mama Felistus akamshika Winfred mkono, akamkalisha ubavuni mwake.

"Ule waya tuliuvuta wawili," akasema, akiwatazama mmoja mmoja. "Na ulitoka kwangu, na mimi ndiye niliyenyamaza. Mkimfukuza huyu, nifukuzeni na mimi."

Mjomba akarudi akaketi.

Nilimwuliza Winfred kama atarudi nami Petta. Alikataa. Anaishi kwa Mama Felistus sasa, anashona katika chumba alicholala Lenox, na mama yule anampimia vitambaa. Nyumba ya mpakani imepata mpangaji mwingine. Mara moja tu alinieleza kinachomla.

"Babu, kila mmoja alimpa mwenzake alichotaka. Angeniambia, ningekimbia nikauchomoe. Ningemwambia, angecheka tu, akangoja fundi. Tulikuwa kwenye simu, Babu. Simu ilikuwa sikioni."

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaooana na kuhamia nyumba mpya. Shangazaneni kwa nguo, shangazaneni kwa viatu na keki. Lakini kila kinachoingia katika ukuta wenu, kiwe umeme, kiwe maji, kiwe intaneti, simameni mbele yake wawili, muulizane kimetoka wapi, nani amekileta, na kinazimwa wapi. Mkigombana, gombaneni mkiwa mnasemezana. Na fundi akisema Jumatatu, ngojeni Jumatatu. Siwaombi. Mimi mzee niliyemfukia mkwe wangu kabla hajawa mkwe wangu, nawaamuru.