Dirisha Lilifungwa, Sauti Ikabaki

Hamdi alifunga dirisha la programu, lakini kipaza sauti cha ukutani kikaendelea kupumua.

"Umesikia?" akanong'ona.

Dukicha, fundi wa nyaya pale ofisini, akacheka. "Kompyuta yako ina pumu, daktari."

Ilikuwa alasiri ya jua kali Garsen, na bado chumba kilinuka matope ya mto. Programu ile Hamdi aliiandika kwa hasira, baada ya watu wa kijiji cha Idsowe kuahidiwa king'ora cha mafuriko mwaka hadi mwaka wakaambulia vikao na soda. Ndani yake aliweka uzi wa pili, kazi inayozunguka nyuma ya dirisha bila kuonekana, ikipokea vipimo vya maji kutoka kituo cha Wenje, juu ya mto, na kukishika king'ora. Dirisha likifungwa, uzi nao ulipaswa kukoma. Haukukoma. Na maadamu ulikuwa umeking'ang'ania king'ora, programu ilikataa kufunguka upya.

Simu ikalia. Ni mpima maji wa Wenje. "Maji yanapanda vibaya, dada! Watoeni watu wa Idsowe!"

Idsowe mtandao wa simu ulikuwa umekufa tangu jana. Kilichobaki ni king'ora tu, kilichoendeshwa kwa redio.

"Zima kwa nguvu!" Dukicha akachomoa waya wa umeme. Skrini ikawa nyeusi. Kipaza sauti, bila umeme wowote, kikacheka kwa sauti ya Dukicha.

Wakamkimbilia Bi Swaleha, mganga wa Kipini aliyekuja kumtibu jirani. Alipofika ofisini akaona waya sakafuni, akafyonza. "Pepo ni mgeni, hachomolewi! Ukimkatiza kazini huzama ndani zaidi. Huombwa, akamaliza alilo nalo, akaaga mwenyewe." Akafukiza ubani, akauliza polepole, "Mgeni wetu, wataka nini?"

Pumzi za ukutani zikaendelea vilevile.

"Hakusikii, mama," Hamdi akasema, akiirudisha kompyuta kwenye umeme. "Uzi ule husikia tu kinachowekwa kwenye foleni yake."

Programu bado ilikataa kufunguka, basi akaandika ombi nje yake, akaliweka kwenye foleni nyuma ya vipimo vilivyotangulia: maliza ulichoshika, achia king'ora, toka. Kisha akaondoa mikono asije akaharakisha, akangoja, huku pumzi za ukutani zikizidi kuwa nzito na matope yakinuka hadi kooni na kiti kitupu kando yake kikilia kama kimekaliwa na mtu aliyelowa maji, akangoja, machozi yakimtoka, mpaka sauti nyembamba ikasema:

"Naaga."

Pumzi zikakatika. Programu ikafunguka. Hamdi akabonyeza, na ng'ambo ya uwanda king'ora cha Idsowe kikalia, kirefu, kikali, na kwenye dirisha la ofisi wakaona watu wakikimbilia mwinuko wakiwa na mbuzi na magodoro.

"Tumemtoa!" Hamdi akaruka.

Bi Swaleha hakutabasamu. "Mwanangu, ulimwambia atoke?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia aende wapi?"

Hamdi akatazama kipaza sauti. Nyuma yao Dukicha, bila kupepesa macho, akafungua kinywa, akaanza kusoma vipimo vya Wenje.