Makala Yaliyorudisha Ng'ombe

"Andika tena. Useme ulikosea."

Machogu alilitupa gazeti mezani, nusura amwage chai ya mzee Nyamweya, baba mkwe wake mtarajiwa.

"Nilikosea wapi?" Kemuma aliuliza. "Sheria ya kumlazimisha mwanamume amtunze mtoto wa nje ilifutwa juzi tu, mwaka wa sitini na tisa. Nimewaeleza watu wa kawaida, basi."

"Wewe ni mwanafunzi wa sheria bado! Mimi ni karani mjini Kisii. Wakubwa wananiuliza kama huyu ndiye mchumba wangu."

"Waambie ndiye."

Msichana alikuwa na ulimi, huyu. Lakini alimpenda Machogu, tena sana, pamoja na kiburi chake. Harusi ilikuwa karibu, kanisani Nyanchwa, na ng'ombe wa mahari walishafika hapa Birongo. Hao ndio kaka yake Kemuma, Obadiah, angewatoa kumwoa Nyaboke, maana kwa Wagusii mahari ya dada humpa kaka mke. Kemuma akivunja uchumba, amevunja ndoa mbili.

"Binti yangu," Nyamweya alisema, "kalamu haizai ndama. Andika anavyotaka mwenzako, tupate amani."

"Niandike uongo, Tata?"

Hodi ikapigwa. Tangu makala yale yatoke, wanawake walikuwa wakija kumtafuta Kemuma, kila mmoja na kilio chake. Huyu alitoka Nyamira, mtoto mgongoni.

"Bwakire," alisalimu. "Naitwa Bitutu. Namtafuta msichana wa gazeti. Nilisomewa sokoni, nikaona niulize kama mtoto wangu..."

Alikuwa amemwona Machogu.

"Kumbe wewe umenitangulia. Umemweleza mwenyewe?"

"Simjui huyu mwanamke!"

"Hunijui? Ulipopanga chumba kwa baba yangu ulinijua. Mtoto anaitwa Ondieki. Ni nani aliyempa jina la babu yako?"

Mama Kemuma, Esnah, alishika kichwa. Machogu alinyoosha tai yake. Sasa msikilizeni bwana harusi:

"Sawa, nilimzaa. Lakini nilitoa ng'ombe? Kwa mila yetu mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Mimi sikutoa hata mbuzi, kwa hiyo huyo ni mtoto wa kwa baba yake Bitutu. Na sheria imefutwa, Kemuma, umeandika mwenyewe! Hakuna wa kunilazimisha."

Kemuma alilia, wala hakujificha. Mwanamume aliyempenda alikuwa amesimama mbele yake, na hakuona haya hata kidogo.

"Kweli," alisema, akijifuta machozi. "Mila imekuachilia. Sheria imekuachilia. Lakini hakuna mila wala sheria itakayonipeleka kanisani nawe."

"Ng'ombe wangu wako bomani kwenu! Wewe ni mke wangu."

"Basi watoke."

Wote wakamgeukia Obadiah, aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Fikiri, kijana wangu," Nyamweya alimsihi. "Nyaboke hatakungoja milele."

Obadiah alichukua fimbo.

"Kemuma, una hakika?"

"Ninayo. Lakini wewe utamkosa Nyaboke kwa ajili yangu."

"Nitamwambia sikutaka kumwoa kwa ng'ombe wa mtu kama huyu. Akiniacha kwa hilo, na aniache."

Akatoka, akafungua boma. Nyamweya alimfuata mbiombio.

"Watu watasema nini? Obadiah! Kemuma! Watu watasema nini?"

"Waseme, Tata," Kemuma alijibu. "Wakichoka kusema, waje niwasomee sheria."

Majirani waliacha kuchuma majani chai, wakajipanga kando ya barabara. Ng'ombe walishika njia ya Marani, kwao Machogu. Yeye mwenyewe aliwafuata nyuma, viatu vya mjini vikizama topeni, na hakuna aliyemwambia pole.

Kemuma alimvutia Bitutu kiti.

"Kaa, dada. Mtoto amekula?"