Glasi ya Kwanza

"Usimpigie mdogo wako," sauti ya Mjomba ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Narudia. Usimpigie."

Sindano alikanyaga mafuta. Hilux ikaruka tuta.

"Mjomba, yeye ndiye bwana stoo wa mtambo wa maji. Ndiye atakayeionja hiyo sumu!"

"Akishtuka, Mwalimu atatoroka. Namtaka Mwalimu na mapipa yake. Umenielewa?"

Sindano alibadilisha gia.

"Nimekuelewa."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa Sindano katika idara ya usalama, na neno lake halikuwa na mlango wa nyuma.

Mwalimu alikuwa mgeni mpole, mwenye miwani ya fremu nyembamba na mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola. Kwa miezi kadhaa aliwafundisha wafanyakazi wa mtambo Kiingereza bure, kantini, baada ya chai. Aliwaandikia maneno yenye mkia mmoja, -cide. Pesticide, ya kuua wadudu waharibifu. Herbicide, ya kuua magugu. Algicide, ya kuua mwani, ule ute wa kijani unaoganda kwenye kuta za birika.

"Likiishia hivi ni dawa," aliwaambia. "Pokeeni."

Hakuwaandikia homicide, kuua mtu. Wala genocide, kuua kabila zima.

Asubuhi hiyo mapipa ya bluu yalifika getini, yameandikwa algicide. Walinzi walilisoma kwa sauti, wakagongeana mikono kwa furaha, wakafungua geti. Ndani ya mapipa mlikuwa na sumu ya magendo. Jiji zima lingekinga ndoo.

Lakini mtambo ulikuwa na desturi yake ambayo Mwalimu hakuijua. Dawa mpya haikumwagwa birikani kabla bwana stoo hajachanganya kidogo kwenye ndoo, akachota glasi, akanywa, akakaa kwenye stuli kusubiri. Baba yao alifanya hivyo mpaka akastaafu. Glasi ilikuwa ileile, nene, imemeguka kidogo mdomoni.

Sindano alikuwa akishindana na glasi hiyo.

Geti. Breki. Bastola ya Beretta mkononi.

Chumba cha dawa kilinuka klorini. Stuli ilikuwa imeanguka. Mdogo wake alilala kifudifudi, midomo ya bluu, ameulalia mpini wa vali. Bila mpini huo, vali ya kumwagia dawa birikani haifunguki.

Mwalimu alimpiga teke la mbavu. "Lete mpini, mjinga wewe!"

"Leo hakuna kipindi, mwalimu," alikoroma mdogo mtu. "Kengele imeshalia."

Teke jingine.

Sindano alifyatua. Risasi ilivunja goti. Miwani ikaruka, Mwalimu akaanguka akipiga yowe, na pingu zikamfunga kwenye bomba.

Sindano alipiga magoti.

"Dada, sijafungua."

"Najua, baba. Usiseme sana."

"Inachoma kama nimemeza kaa la moto." Akamtazama dada yake. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Si ungenipigia tu."

Alisema kama mtu anayelalamika kwamba hakubakishiwa chakula. Hakusema tena.

Redio ikakwaruza.

"Ripoti."

"Mwalimu yuko hai. Mapipa hayajaguswa, ila moja. Maji ni salama."

"Safi sana! Hasara?"

Sindano aliinua macho. Juu ya rafu, ukutani, mdogo wake alikuwa ameandika masomo yake kwa chaki, herufi kubwa, za duara, amezipanga vizuri moja chini ya nyingine. Pesticide. Herbicide. Algicide.

Akaokota kipande cha chaki, akaongeza chini yake: Fratricide.

Mlinzi mzee wa geti alisimama mlangoni, kofia kifuani, akilisoma polepole.

"Hili hatukufundishwa, mama. Ni dawa ya kuua nini?"

"Si dawa, mzee wangu. Ni kuua ndugu yako."

Akaiweka redio juu ya pipa, ikiwa bado inamwita. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akatoka nje.