Kopo la Kwanza

Kila asubuhi, kabla malori hayajaanza kupiga honi kwenye foleni ya mpakani Tunduma, Ferista huwa ameshafagia uwanja na kuvaa sare. Siku hiyo alikuwa mlangoni alipokumbuka kwamba Mwalimu Tabita alimwagiza chumvi ya jaribio la sayansi. Alirudi jikoni mbio, akachota unga mweupe katika kopo la kwanza alilolishika, akaufunga kwenye karatasi.

Darasani Mwalimu aliikoroga chumvi ile kwenye glasi ya maji iliyooshwa na mwanafunzi aitwaye Lusubilo.

"Maji ya chumvi ya mezani si asidi wala besi," alisema. "Karatasi ya litimasi, ya kupimia asidi na besi, haitabadilika rangi. Tazameni."

Akachovya karatasi nyekundu. Ikageuka bluu.

"Hii ni besi!" Mwalimu alikunja uso. "Lusubilo, glasi hukuisuuza. Sabuni nayo ni besi."

"Nimeisuuza, Mwalimu. Mara mbili."

"Usinibishie. Zimebaki karatasi tatu tu. Leo utabaki kuosha vyombo vyote."

Wenzake wakacheka. Lusubilo akainamisha kichwa.

Ferista alikumbuka kopo alilochotea. Nyumbani makopo yalikuwa mawili, yanafanana: moja la chumvi, jingine la magadi ambayo mama hutilia maharage. Alichota lipi? Akisema, kicheko kitamgeukia yeye. Akinyamaza, nani atajua? Alitamani kengele ilie. Alipomwona Lusubilo akifuta macho kwa kiganja, akasimama.

"Mwalimu, naomba unisamehe. Huenda nimeleta magadi. Nilichota bila kuangalia."

Mwalimu alisuuza glasi ile, akatia maji matupu, akachovya karatasi nyekundu. Haikubadilika. Kisha akaagiza chumvi kutoka jiko la shule, akaikoroga. Nyekundu ilibaki nyekundu, na ya bluu ikabaki bluu.

"Lusubilo, nisamehe," alisema taratibu. "Nimekuhukumu kabla ya kupima."

Ferista alikuwa bado amesimama.

"Nawe Ferista, kuchota kitu usichokitazama ni hatari, kingeweza kuwa sumu ya panya. Lakini umefanya vizuri kusema. Ungenyamaza, mwenzako angeadhibiwa bure, na darasa zima lingeandika uongo kwenye madaftari. Kosa likisemwa mapema, watu hulirekebisha. Likifichwa, hubebwa na asiyehusika. Haya, keti uandike."