Wanaopita Hohegg

Romana ninayemzungumzia hapa ni jirani yangu. Ghala lake la mbao limepakana na jiko langu, na akikohoa kule, huku nasikia. Kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Mengi aliniambia mwenyewe, na mengine yalitokea mbele yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Septemba, siku zile ng'ombe wanapoteremshwa kutoka malisho ya juu. Asubuhi tulivu, jua zuri, kengele za mifugo zinasikika bonde zima. Romana alikuwa anakata mkate mweusi mezani. Mama yake, Bi Filomena, amekaa karibu na jiko anamenya peasi za kukausha. Mlango ukafunguka bila hodi, akaingia Gervas, mdogo wake Romana, ramani ikiwa kwapani.

"Nimepata wazo," akasema, akisogeza mkate ili akunjue ramani. "Mimi na wewe, dada. Baiskeli. Safari fupi tu, kesho tunapanda, keshokutwa kabla ya chakula cha mchana tumesharudi. Hatuhitaji mwongozaji."

Kisu cha Romana kilisimama.

Safari fupi tu. Maneno hayohayo ndiyo Gervas aliyasema kiangazi cha mwaka juzi, alipomchukua Amade, kaka yao mkubwa, wakapanda mlima Hohegg kwa baiskeli, wao wawili, bila mwongozaji. Jioni alirudi Gervas peke yake. Alisema ukungu uliwakuta kwenye njia ya juu. Alisema alimsihi Amade wasubiri, Amade akakataa, akajitosa kwa kasi, akatumbukia korongoni upande wa barafu kuu. Kikosi cha uokoaji kilitafuta mpaka theluji ikaanguka. Hawakupata hata kiatu.

Kijiji kikaamini. Kwenye duka la mikate watu wakasema Amade alijitakia. Padri akamtaja madhabahuni, vijana wajifunze kwa mzembe yule. Bi Filomena, aliyekuwa anakaa benchi la mbele tangu ujana wake, akahamia la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Romana hakuamini hata siku moja. Amade alikuwa mtu wa kukagua breki kabla ya kutoka nyumbani, akakagua tena akifika juu, mpaka wenzake wanamcheka. Lakini hakuwa na la kuonyesha. Alikuwa na hasira tu, na hasira ile alikuwa analala nayo na kuamka nayo.

"Kwa nini mimi?" akauliza.

"Kwa sababu tumekuwa kama maadui. Unanipita barabarani kama nguzo ya taa. Twende tukabadilishe hewa, yaishe." Gervas akapitisha kidole kwenye mstari aliokuwa ameuchora kwenye ramani. "Tunapanda na gari la waya linaloning'inia, tunashika njia hii ya msituni, tunalala kwenye kibanda chetu cha malishoni, asubuhi tunateremka. Njia pana, hata mtoto anaweza."

Romana akachukua penseli. Akafuta mstari wa Gervas, akachora mwingine, juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima.

Uso wa Gervas ukapauka. "Huko hapana."

"Huko huko."

"Romana, njia ile ni mbovu."

"Mbona mwaka juzi haikuwa mbovu? Unataka yaishe, tutakwenda kuyamalizia pale yalipoanzia. Hutaki, kunja ramani yako, na mlango unaujua."

Gervas akatazama ramani. Kisha akaanza kucheka kicheko kikavu. "Sawa. Na wewe ukague breki zako vizuri."

Basi wakapanga. Romana ndiye aliyepanga hasa: tyubu za akiba, pampu, kamba, jibini na nyama iliyokaushwa, makoti ya mvua. Kila kitu alikitupa mezani kwa kishindo. Walipomaliza ndipo Bi Filomena akaingilia.

"Siku hizi ni zao," akasema bila kuinua macho kwenye peasi zake. "Ng'ombe wakishashuka, wao ndio wanapita juu. Mkiwasikia, tokeni njiani. Simameni upande wa mlimani, msisimame upande wa bonde. Msiwasemeshe."

"Mama na wafu wake," Gervas akasema. "Nitawapigia kengele wapishe."

"Wa mwisho katika msafara ndiye aliyekufa karibuni," mama akaendelea kana kwamba hakusikia. "Huyo huwa anatazama pembeni. Anatafuta wa kumpokea zamu."

Gervas alikunja ramani vibaya, ikachanika.

Kesho yake walishuka kwenye gari la waya kule juu kukiwa kweupe, mbingu ya buluu, miamba yote inaonekana. Hakukuwa na mtu mwingine. Walipanda baiskeli kimyakimya, Gervas mbele, Romana nyuma. Njia ile ni nyembamba kama rafu ya ukutani. Kulia ni mlima. Kushoto hakuna kitu, halafu chini kabisa kuna barafu.

Romana alikuwa anautazama mgongo wa Gervas. Aliniambia kwamba njia nzima alikuwa anawaza jambo moja: jinsi ilivyo rahisi. Kusukuma kidogo tu, bega kwa bega. Angesema ukungu uliwakuta. Angesema alimsihi asubiri. Aliwaza hivyo mpaka mikono yake kwenye usukani ikaanza kumtisha.

Ukungu ukaja mchana kweupe. Haukushuka kutoka juu. Ulipanda kutoka kwenye barafu.

Walishuka kwenye baiskeli. Mbele yao kulikuwa na msalaba mdogo wa chuma uliopigiliwa kwenye mwamba, wenye jina la Amade.

"Hapa," Romana akasema. "Nieleze."

"Nimeshaeleza mara ngapi? Nilimwambia asubiri—"

"Mwambie yeye. Simama mbele ya jina lake umwambie."

Gervas akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa amegeuza kichwa, anasikiliza.

Romana naye akasikia.

Nyayo. Nyingi. Nyayo za watu wasiovaa viatu, zinakanyaga changarawe taratibu, kwa pamoja.

"Upande wa mlimani," Romana akanong'ona. Akamvuta, wakabana migongo kwenye mwamba. Mwamba ulikuwa baridi. Baridi ikazidi.

Wakapita.

Wazee waliovaa sufu nzito. Mwanamke aliyebeba kitanda cha mtoto mchanga mgongoni, na kile kitanda kilikuwa kinalia. Wachungaji. Mwanajeshi mwenye koti refu lisilo na vifungo. Hakuna aliyetazama pembeni. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye nguo zao, lakini njia waliyoikanyaga ilibaki kavu.

Msafara ukaisha. Ukungu ukafunga.

"Wamekwisha," Gervas akanong'ona. Meno yanagongana. "Wamekwisha, dada, tuondoke."

Hapo ndipo walipoisikia ile sauti nyingine. Tiki-tiki-tiki. Sauti ya gurudumu la nyuma la baiskeli linapozunguka bila kupigwa pedeli.

Gervas akaanza kulia kabla hajaona kitu.

Amade alitokea anasukuma baiskeli kwa mkono. Kofia ngumu kichwani, imepasuka. Uso mweupe, mkavu, wenye hasira. Hakumtazama Romana. Alisimama mbele ya mdogo wake, na gurudumu likaendelea kuzunguka ingawa baiskeli imesimama.

"Sema," akanong'ona.

Gervas akateleza chini kwenye mwamba mpaka akakaa.

"Breki zangu zilikuwa zimelika," akasema. Alikuwa anamwambia Romana, lakini macho yake hayakumtoka yule mwingine. "Nilijua tangu nyumbani. Tulipofika hapa Amade akaziona. Akasema tusubiri ukungu upite, kisha tuteremke kwa miguu. Nikamcheka. Nikamwambia amezeeka. Akanipa baiskeli yake, akasema wewe tangulia, yako nitaisukuma mimi."

"Baiskeli yake," Romana akarudia.

"Zilifanana. Tulinunua siku moja, rangi moja. Hakuna aliyegundua."

Romana akatazama baiskeli iliyolala miguuni pa Gervas. Ile aliyopanda leo. Aliyoipanda miaka hii miwili, akipita nayo mbele ya dirisha la mama yao.

"Endelea."

"Nilitangulia. Nikasimama kwenye kona. Nikapiga kelele." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikaita, nikasema nimeanguka, nimevunjika mguu. Utani tu. Nilitaka aje mbio nimcheke. Nikamsikia akipanda. Nikasikia ile tiki-tiki. Akanipita. Aliniona nimesimama mzima, Romana. Aliniona. Halafu sikusikia kitu tena."

Amade akausogeza usukani mbele kidogo, kama mtu anayempa mwenzake baiskeli amshikie. Gervas akainuka. Machozi yalikuwa yamekauka. Akanyoosha mkono. Akatoka kwenye mwamba. Akaweka mguu mmoja njiani.

Romana alisema hakuwa na huruma hata chembe. Nimemuuliza zaidi ya mara moja, na jibu ni lilelile. Hasira ndiyo iliyomrusha. Alimdaka Gervas kwa mikanda ya begi, akambamiza kwenye mwamba mpaka pumzi zikamtoka.

"Wewe hufi leo," akamwambia sikioni. "Utakufa ukishamwambia mama."

Kisha akamgeukia kaka yake. Ilikuwa mara ya kwanza macho yao kukutana. Akaona ni uso wake mwenyewe, ule anaouona kwenye kioo kila asubuhi.

"Mwache," akanong'ona. "Mama hajamsikia bado."

Amade alimtazama. Akaurudisha usukani nyuma. Ukungu ukapita katikati yao, na ulipopita, njia ilikuwa tupu. Kulikuwa na jua. Chini bondeni kengele za ng'ombe zilikuwa zinalia kama kawaida.

Waliteremka kwa miguu, kila mtu na baiskeli yake, bila kufika kibandani. Njia nzima Romana alitembea upande wa bonde, Gervas upande wa mlima, kama mfungwa na askari wake.

Bi Filomena alikuwa bado na peasi zake. Romana akamsimamisha Gervas mbele yake. Gervas akasema yote, tangu breki mpaka kelele za uongo. Mama akaweka kisu chini.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Jumapili ijayo utarudia kanisani. Na padri naye atasimama hapohapo alipomtaja mwanangu, amtaje tena."

Nilikuwepo Jumapili hiyo. Gervas alisema akiwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Padri alilia. Bi Filomena alikaa benchi la mbele, hakulia wala hakumtazama mtu. Ibada ilipokwisha, watu walimsogelea kumpa mkono, wale waliokuwa wanasema dukani, naye akapita katikati yao mikono ikiwa mfukoni. Wiki hiyohiyo Gervas akahamia mjini, mbali, kwenye nchi tambarare. Haandiki. Romana hajamsamehe, na mtu akimshauri amsamehe, anafungua mlango na kumwonyesha ngazi.

Baiskeli Gervas aliiacha. Romana aliniomba nimsaidie kuitundika ghalani, kwenye ndoano ya juu, akaweka kufuli.

Asubuhi iliyofuata aliniita. Alionyesha kwa kidole. Kiti cha baiskeli kilikuwa kimepandishwa. Gervas ni mfupi kama mama yake, na kiti chake kilikuwa chini kabisa. Sasa kilikuwa juu, mahali ambapo, hata baiskeli ikiwa chini, ningehitaji kusimama kwa ncha za vidole ili nikikalie. Katika familia ile mtu wa urefu huo alikuwa mmoja tu.

Nilidhani Romana ana mzaha wa uchungu. Nikachukua spana, nikakishusha, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Kesho yake kilikuwa juu. Tukakishusha tena. Kikapanda tena. Mwisho Romana alininyang'anya spana. "Kiache," akasema. "Ni chake."

Majira ya baridi yaliingia. Juzi, siku ya theluji nzito, maji yalikuwa yanaganda ndani ya ndoo. Romana alikuwa amekwenda kwa daktari na mama yake, akaniachia funguo nimchukulie kuni. Theluji mlangoni ilikuwa haijakanyagwa, ilibidi niichimbe ndipo nifungue. Ndani, pumzi zangu zilikuwa zinatoka kama moshi, na kila chuma kilikuwa na barafu.

Sijui kwa nini nilinyoosha mkono. Labda nilitaka kujua kama kimelegea. Nikakishika kile kiti.

Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.