Biskuti za Maganda ya Embe

Sogeeni hapa. Sogeeni zaidi. Wewe wa nyuma, acha kumchokoza mwenzako! Nina hadithi ya biskuti, na leo watu wazima wamenichosha. Subirini, mtaona kwa nini.

Huko Tabora aliishi Kalunde. Alisoma darasa la kwanza. Jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka, na mdomo wake haukujua kunyamaza.

Mama yake alikuwa mtafiti wa maembe. Mtafiti ni mtu anayeuliza, anajaribu, anaangalia, kisha anauliza tena. Kazi yenyewe haiishi.

Na Tabora kuna maembe, jamani! Watu wanakula embe asubuhi. Wanakula embe mchana. Wanakula embe jioni.

Na maganda je? Wanayatupa. Pwaa! Nzi nao wanakuja. Zzzzz! Zzzzz!

Mama Kalunde hakupenda maganda yatupwe. Alikwenda sokoni kwa wauza juisi. Akaomba maganda. Akapewa magunia.

Akayaosha. Akayaanika uani. Akayaanika juu ya paa. Mengine yakabaki. Akayaanika juu ya kitanda cha Kalunde!

"Mama!" alisema Kalunde. "Maganda kitandani kwangu! Nitalala wapi?"

"Nitayatoa jioni," alisema Mama. "Dirisha lako lina jua zuri."

Kalunde alishika kiuno. "Kwani hayo maganda yana nini?"

"Yana nyuzinyuzi," alisema Mama. "Zinasaidia chakula kipite vizuri tumboni. Yana vitamini pia. Sisi tunakula embe, halafu vitu vizuri vyote hivyo tunawatupia nzi. Hasara tupu!"

"Lakini ganda si tamu, Mama."

"Ndiyo maana ninafanya utafiti," alisema Mama.

Maganda yakakauka. Mama akayapeleka mashineni. Grrr! Grrr! Grrr! Yakawa unga wa manjano.

Mama akachukua unga huo. Akatia unga wa ngano. Akatia sukari, mafuta na mayai. Akakanda, akakata, akapanga kwenye sufuria. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko.

Nyumba nzima ikanukia biskuti. Zilinukia vizuri kweli. Hapo tusiseme uongo. Uongo unakuja baadaye.

"Kalunde, onja," alisema Mama.

Kalunde akauma. Kacha! Akatafuna. Kacha, kacha! Halafu jicho moja likafumba. Bega moja likapanda juu.

"Chungu!" alisema Kalunde.

"Kalunde!" Baba alifoka. "Chakula hakitukanwi! Mama yako amehangaika na jua kali. Lete hapa nionje mimi."

Baba akauma. Kacha! Akatafuna polepole. Machozi yakamlengalenga. Akameza. Gudu!

"Tamu, tamu!" alisema Baba. "Tamu kweli!"

Na biskuti iliyobaki? Baba aliitia mfukoni. Kalunde alimwona.

"Hodi hapa!" Alikuwa Mama Shija, jirani yao.

"Karibu, Mama Shija! Onja biskuti zangu," alisema Mama.

Mama Shija akauma. Kacha! Nyusi zake zikapanda mpaka karibu na kilemba. Akameza. Gudu!

"Tamu, tamu!" alisema Mama Shija. "Tamu mno! Hii nampelekea Shija."

Akaifunga kwenye pindo la kanga. Fundo moja. Fundo la pili. Kalunde alimwona.

Mara akapita Mwalimu Sizya, mwalimu wa Kalunde.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kalunde.

"Marahaba, Kalunde. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Onja biskuti, Mwalimu," alisema Mama.

Mwalimu Sizya akauma. Kacha! Akakohoa. Koho, koho! Akameza. Gudu!

"Tamu, tamu!" alisema Mwalimu. "Tena Mama Kalunde, kesho zilete shuleni. Watoto wangu wote waonje!"

Akatia biskuti kwenye mkoba, akaondoka mbio mbio. Kalunde alimwona.

Watu wazima hawa! Mnawaona lakini?

Kalunde alisimama palepale. Kesho! Shuleni! Darasani kwake!

Kalunde aliwajua wenzake. Masele akipewa kitu kichungu hutema mbele za watu. Puu! Mmoja akitema, wote hutema. Puu! Puu! Puu!

Na Mama atakuwa amesimama mbele, ameshika kikapu chake. Darasa zima litamcheka.

Kalunde akamkimbilia Mama. "Mama, usizipeleke shuleni. Biskuti ni chungu."

"Baba yako kasema tamu," alisema Mama.

"Ni chungu, Mama."

"Mama Shija kasema tamu."

"Ni chungu!"

"Mwalimu wako kasema tamu! Wewe peke yako ndiye unayesema chungu. Hebu toa ulimi nje."

Kalunde akatoa ulimi. "Aaaaa."

Mama akaleta tochi. Akamulika juu. Akamulika chini. Akamulika lile pengo la jino.

"Ulimi mzima," alisema Mama. "Basi ni ukaidi tu." Akarudi jikoni kukanda biskuti nyingine za kesho. Nyingi!

Kalunde akakaa kizingitini. Alikasirika mpaka akataka kulia. Unasema kweli, unamulikwa tochi mdomoni. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Basi akamwona Baba. Baba alikuwa ananyata kuelekea nyuma ya jiko. Nyata, nyata, nyata. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

Akatoa biskuti mfukoni. Akamtupia kuku.

Kuku akaja mbio. Kokoko! Akadonoa. Kop!

Kuku akasimama. Akatikisa kichwa. Akafuta mdomo kwenye mchanga, upande huu na upande ule. Akaenda zake.

"BABA!" Kalunde alipiga kelele. "Hata kuku amekataa!"

"Shhh!" alisema Baba. "Shhh, mwanangu, shhh!"

Wapi! Mama alikuwa ameshatoka nje. Mikono yake ilijaa unga.

"Kuku amekataa nini?" aliuliza Mama.

Baba akatazama mawingu. Mawinguni hakukuwa na kitu.

Hapo hapo Mama Shija akawa anapita na ndoo yake.

"Shikamoo, Mama Shija," alisema Kalunde. "Naomba ufungue pindo la kanga."

"Marahaba. Pindo? Pindo gani tena?" alisema Mama Shija.

"Lenye mafundo mawili."

Mama Shija akafungua fundo moja. Akafungua la pili. Biskuti ikaanguka chini. Tap!

Mama akaitazama. Nzi wakaizunguka. Zzzzz.

"Ni chungu?" aliuliza Mama polepole.

"Chungu," alisema Baba.

"Chungu mno," alisema Mama Shija.

"Sasa mbona mlisema tamu?"

"Hatukutaka kukuudhi, Mama Kalunde," alisema Baba.

"Ndiyo mmeniudhi sasa!" Mama alikasirika, acha tu! "Nimeosha maganda mpaka mgongo unaniuma! Nimeyaanika mpaka kitandani kwa mtoto! Kesho ningewapa watoto wa watu vitu vichungu! Utafiti gani huu, kila mtu ananidanganya?"

Baba akainamisha kichwa. Mama Shija akainamisha kichwa. Kuku akapita katikati yao.

Mama akamgeukia Kalunde. Kalunde akarudi nyuma. Akajua sasa ni zamu yake.

Lakini Mama akachuchumaa. "Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli. Mimi nikakumulika tochi."

"Sikutaka wakucheke, Mama," alisema Kalunde. Machozi yakamtoka.

Mama akamvuta kifuani. Unga wote ukahamia kwenye gauni la Kalunde.

"Lakini ulimsikia Baba, mwanangu," alisema Mama. "Chakula hakitukanwi. Mtu akikupa, sema asante. Ukishasema asante, sema kweli."

"Asante, Mama," alisema Kalunde. "Biskuti ni chungu."

"Haya! Hivyo hivyo!" alisema Mama. "Sasa nisaidie. Uchungu unaanza lini? Mwanzoni au mwishoni?"

Kalunde akafikiri. "Mwanzoni kuna utamu. Halafu uchungu unakuja nyuma ya ulimi. Unakaa hapo hapo, hauondoki."

"Aaa!" alisema Mama. "Unga wa maganda umezidi. Tuupunguze."

"Na nyie wawili," Mama aliwaambia Baba na Mama Shija, "mnakwenda wapi? Ingieni jikoni!"

Baba akapepea mkaa. Fu, fu, fu! Moshi ukamwingia machoni. Mama Shija akapiga mayai. Taka, taka, taka! Hakuna aliyelalamika. Wangethubutu?

Mama akapunguza unga wa maganda. Biskuti zikaiva. Kalunde akauma. Kacha!

"Asante, Mama. Chungu."

Mama akashusha pumzi. Akapunguza tena. Zikaiva. Kacha!

"Asante, Mama. Bado chungu. Kidogo."

"Hii kazi!" alisema Mama. "Hii kazi itaniua!" Lakini akapunguza tena. Zikaiva. Kacha!

Kalunde akatafuna. Kacha, kacha. Akatafuna tena.

"Enhe?" alisema Mama.

"Enhe?" alisema Baba.

"Sema basi, mtoto wewe!" alisema Mama Shija.

"Asante, Mama," alisema Kalunde. "Naomba nyingine."

Mama akapiga makofi. Unga ukaruka mpaka kwenye nywele za Baba.

Asubuhi Mama akaenda shuleni na kikapu. Akasimama mbele ya darasa. Kalunde alikaa dawati la mbele.

"Watoto," alisema Mama, "hizi ni biskuti zenye maganda ya embe. Ukionja, sema asante. Kisha sema kweli. Mkinidanganya, nitajua!"

Mwalimu Sizya alikohoa kidogo. Akafungua mkoba wake. Akatoa biskuti ya jana.

"Asante, Mama Kalunde," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Hii ya jana ilikuwa chungu."

Watoto wakaangua kicheko. Mama naye akacheka. Alikuwa ameshachoka kukasirika.

Kisha watoto wakaonja. Kacha! Kacha! Kacha! Darasa zima lilikuwa likisema kacha.

Kalunde akamtazama Masele. Masele akatafuna. Masele akaacha kutafuna. Kalunde akafumba macho.

"Asante, mama," alisema Masele. "Mimi siipendi. Ina harufu ya ganda."

Hakutema! Alimeza, akasema.

"Vizuri sana, Masele!" alisema Mama. Alifurahi kama amepewa zawadi. "Nani mwingine?"

"Asante! Naomba nyingine!"

"Asante! Na mimi!"

"Asante! Na mimi, na mdogo wangu nyumbani!"

Kikapu kikaisha. Ndani zikabaki chembe tu. Kalunde akazilamba hizo chembe, maana alikuwa hajapata hata moja.

Jioni Kalunde akaoga. Akapanda kitandani. Maganda yalikuwa yametolewa, na shuka lilikuwa safi.

Macho yalianza kuwa mazito. Mlango ukafunguliwa. Kwiii!

Alikuwa Mama. Mkononi alishika kikombe. Baba alikuwa nyuma yake, amejificha nusu.

"Kalunde, umelala?"

"Bado, Mama."

"Huu ni uji. Nimetumia kiini cha kokwa ya embe. Nimekiloweka, nimekichemsha, nimekisaga. Onja."

"Baba ameonja?" aliuliza Kalunde.

"Ameonja. Amesema tam..."

Mama akageuka. Akamtazama Baba. Akamtazama hivi, bila kupepesa.

"Mbaya," alisema Baba haraka. "Asante. Lakini ni mbaya."

Kalunde akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda moja. Gudu. Jicho moja likafumba. Bega moja likapanda juu.

"Asante, Mama," alisema Kalunde. "Mbaya kabisa."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaweka kikombe chini. Akashusha pumzi ndefu, fyuuu!

"Mama, umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Umenikasirikia mimi?"

"Nimeukasirikia uji," alisema Mama.

Akamfunika Kalunde shuka mpaka kidevuni. Kalunde akacheka, akageukia ukutani, akalala usingizi mtamu.